Nilivyodai fidia kwa yaliyonipata bwenini

Baba mdogo aliposikia nataka kudai fidia alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, mwanaume anadaije hela kwa jambo kama hilo?" Hakuuliza kwa ubaya. Nusu ya ada zangu za shule alilipa yeye, na hadi leo nikibanwa namtafuta yeye kwanza. Lakini swali lake lilibeba mawazo mawili kwa mpigo: kwamba mwanaume hafanyiwi mambo hayo, na kwamba anayetaka hela kuna kitu anauza. Mawazo hayo nilikuja kukutana nayo tena kwa watu wenye suti na mihuri. Wao waliyasema kwa adabu zaidi.

Alichonifanyia patroni sitakisimulia. Waliohitaji kukijua wanakijua, na wewe unayesoma kwa sababu yamekukuta kama hayo huhitaji kusimuliwa. Ijulikane tu kwamba nilikuwa mtoto wa shule ya bweni, yeye ndiye mlezi wa bweni letu, funguo zote alikuwa nazo yeye, na mambo yaliendelea mpaka nilipohamishwa shule. Nilidai nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Ninachotaka kusimulia ni kudai kwenyewe, maana nilipoanza niliwatafuta watu waliopita njia hiyo waniambie ikoje, na niliowapata wote walikuwa wamefungwa mdomo na karatasi walizotia saini. Hilo nitalirudia.

Kwanza nielezee milango, kwa sababu iko zaidi ya mmoja na wengi tunaujua ule wa polisi tu. Watu hudhani fidia haipatikani mpaka mkosaji afungwe. Si kweli. Kesi ya jinai ni ya dola dhidi ya mkosaji. Wewe ni shahidi, na ushahidi unatakiwa uthibitishe kosa pasipo shaka ya maana. Kesi ya madai ni yako wewe, na hakimu anapima kwa mizani ya uwezekano, yaani kipi kinaelekea zaidi kuwa kweli. Mtu anaweza kushindwa kutiwa hatiani kule na bado akawajibishwa huku. Ziko nchi ambazo mahakama ya jinai yenyewe inaweza kuamuru fidia papo hapo. Tanzania, kwa mfano, kifungu kimoja cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaitaka mahakama ikimtia mtu hatiani kwa kosa la kingono iamuru pia amlipe aliyedhulumiwa, kwa kiasi kinacholingana na ambacho angepata katika kesi ya madai. Ni kifungu kizuri. Shida yake ni kwamba anayeamriwa kulipa yuko gerezani na mara nyingi hana hata kiwanja.

Mlango mwingine ni mfuko wa serikali, pale ambapo upo. Uingereza imekuwa na mpango wa kuwafidia waliodhuriwa na uhalifu tangu 1964. Mkosaji si lazima awe amehukumiwa, wala si lazima awe amekamatwa, ila tukio liwe limeripotiwa polisi, na kwa kawaida maombi yaingie ndani ya miaka 2. Malipo yanafuata jedwali: jeraha moja ni kuanzia pauni 1,000 hadi 250,000, na jumla haivuki pauni 500,000. Nilipoliona jedwali hilo mara ya kwanza lilinikera, maisha ya watu yamepangwa kwa safu na namba. Baadaye, nikiwa nimeshahojiwa na mawakili wa upande wa pili, niliwaonea wivu wenye jedwali.

Kwangu mimi mlango wa jinai ulikuwa umefungwa. Patroni alishafariki, na maiti haishtakiwi. Hata angekuwa hai, kuna jambo ambalo kijana wa kiume analikuta kwenye sheria za nchi kadhaa: kosa la kubaka limeandikwa kwa maana ya mwanamume kumtenda mwanamke. Tanzania ni mojawapo. Aliyetendewa akiwa mvulana anaangukia kwenye makosa ya kinyume cha maumbile, kifungu ambacho hicho hicho kinamwadhibu pia anayeridhia. Mtu anaogopa kufungua mdomo asije akageuzwa mshtakiwa. Nafuu ya kesi ya madai ni kwamba haishikilii jina la kosa. Unadai kwa sababu mwili wako ulidhuriwa na kwa sababu aliyepaswa kukulinda alizembea. Mwanaume, mwanamke, hapo ni sawa tu.

Huyo "aliyepaswa kukulinda" ndiye kiini cha habari yote, na ndipo nilipopata jibu la kumpa baba mdogo. Sikuwa namdai patroni. Nilikuwa naidai shule.

Mwaka 2001 Bunge la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa huko, liliamua kesi ya mlezi wa bweni aliyewadhulumu wavulana aliokabidhiwa. Utetezi wa mwajiri ulikuwa ule ule wa siku zote: hatukumwajiri afanye hayo, aliyafanya kwa tamaa zake. Majaji waliukataa. Mwajiri alikuwa amechukua jukumu la kuwatunza watoto wale, akamkabidhi mtu huyo alitekeleze, na uovu wake ulifungamana na kazi hiyo kiasi kwamba ni haki mwajiri aubebe. Miaka miwili kabla, 1999, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikuwa imefika pale pale: taasisi inayompa mtu mamlaka juu ya watoto, pamoja na faragha ya kuwa nao peke yake, imetengeneza hatari, na hatari hiyo ikizaa madhara haiwezi kunawa mikono. Kenya nako, mwaka 2015, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya wanafunzi wawili wa kike waliodhulumiwa na mwalimu wao. Haikuishia kwa mwalimu; mwajiri wake na serikali waliwajibishwa pia, na wasichana wale wakapewa jumla ya shilingi milioni 5. Rufaa ilikatwa, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaiacha hukumu isimame.

Nilisoma muhtasari wa kesi ile ya mlezi wa bweni usiku mmoja, watoto wamelala, nikausoma tena. Watu wazima waliokaa mbali kabisa, wasionijua, walikuwa wameandika kwa lugha kavu ya kisheria kwamba funguo zile hakujipa mwenyewe.

Wakili niliyempata alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti, asiye na subira na maneno mengi. Swali lake la kwanza halikumhusu patroni. Aliuliza tarehe yangu ya kuzaliwa. La pili: "Lini ulianza kuelewa kwamba matatizo yako ya sasa yanatokana na yale?" Sikujua kwa nini anauliza hivyo mpaka aliponieleza habari ya ukomo wa muda. Madai ya kudhuriwa mwili, katika nchi nyingi, yana miaka michache tu, pengine 2 au 3, na kwa mtoto saa huanza kuhesabu anapotimiza umri wa utu uzima. Ukichelewa, kesi hufa kabla haijasikilizwa, hata kama kila mtu mahakamani anakuamini. Ni sheria iliyotungwa kwa ajili ya ajali za magari na mikataba iliyovunjwa, si kwa ajili ya mtoto anayehitaji miaka ishirini na zaidi kulitamka jambo.

Nchi zimeanza kuliona hilo, kila moja kwa namna yake. Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema mwaka 1992 kwamba muda usihesabiwe mpaka mdhulumiwa atambue uhusiano kati ya madhara aliyonayo na yale aliyotendewa. Ndiyo maana ya lile swali la pili la wakili. Jimbo la Victoria, Australia, lilifuta ukomo kabisa kwa kesi za udhalilishaji wa watoto mwaka 2015, na majimbo mengine yakafuata. New York ilipitisha sheria mwaka 2019 inayomruhusu aliyedhulumiwa utotoni kudai hadi afike miaka 55, na ikafungua dirisha kwa waliokwisha kupitwa na wakati, lililofungwa Agosti 2021. Taasisi ikijitangaza kufilisika, mahakama huweka tarehe ya mwisho ya kuwasilisha madai, na hiyo haina huruma: maskauti wa Marekani walipofilisika mwaka 2020 tarehe ilikuwa Novemba 16 ya mwaka huo huo, na madai zaidi ya 82,000 yaliingia. Kwa hiyo kama kuna jambo moja la kufanya wiki hii, hata kama hujaamua kudai, ni kumwuliza mwanasheria saa yako inasomaje. Kuuliza si kufungua kesi.

Palepale ofisini tuliongea pia habari ya ada. Nitalipita haraka, ila lishike: uliza kama asilimia ya wakili inakatwa kabla au baada ya kutoa gharama za kesi, na uliza mkishindwa nani analipa gharama za upande wa pili, maana sehemu nyingi ni aliyeshindwa. Maswali haya si ya kumkosea mtu heshima. Wakili anayeyakwepa, tafuta mwingine.

Sasa ushahidi. Nilijua sina. Hakuna aliyeona, sikwenda hospitali, sikumwambia mtu. Mama wakili akaniambia nisitafute ushahidi wa tukio. Nitafute alama tukio lilizoacha kwenye karatasi za watu wengine. Ripoti za shule kabla na baada. Kadi za zahanati. Barua nilizoandika nyumbani. Nani nililala naye kitanda cha juu au cha chini, yuko wapi leo. Nilikusanya kilichopatikana, nikaandika maelezo yangu kwa mpangilio wa muda, mwenyewe, bila kumwonyesha mtu kwanza, kwa sababu maelezo yaliyopitiwa na ndugu yanaanza kufanana na ya ndugu. Yule mwenzangu wa kitanda cha chini nilimpata. Sikumwambia nini nakumbuka. Nilimwomba tu aongee na wakili, na aliyoyasema yeye ni yake.

Lakini kilichoigeuza kesi kilitoka kwa shule yenyewe. Kesi ikishafunguliwa, kuna hatua ya pande mbili kukabidhiana nyaraka, na mahakama inaweza kumlazimisha mwenye mafaili ayatoe. Kati ya vilivyoletwa kulikuwa na kitabu cha adhabu cha bweni letu. Daftari gumu, kurasa zimechorwa kwa rula: tarehe, jina, kosa, adhabu, saini. Jina langu lilijirudia muhula ule kuliko la mtoto mwingine yeyote. Kosa, kwa mwandiko uliolalia kushoto: "Kulala darasani badala ya bwenini." Adhabu, fimbo. Chini yake: "Kulala darasani." Kufyeka. Tena: "Amekutwa chini ya madawati usiku." Fimbo. Saini, zote, za patroni.

Nilikuwa nimesahau. Nakumbuka baridi ya sakafu ya darasa, ila nilikuwa nimesahau kwamba nilikutwa, tena mara nyingi. Kwa hiyo shule ilikuwa imeandika yenyewe kwamba kuna mtoto anayekimbia kitanda chake usiku, na kila kitabu kilipopelekwa ofisini, mtu alikuwa akigonga muhuri wa kuthibitisha kuwa amekiona. Muhuri huo ulikuwa na thamani kuliko maneno yangu yote.

Kwenye faili la ajira la patroni kulikuwa na barua ya mzazi, ya nyuma kabla mimi sijafika shuleni hapo, ikilalamika kwa lugha ya kuzunguka-zunguka. Pembeni mkuu wa wakati huo alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Ahamishiwe bweni la nne." La nne ndilo letu. Funika kombe mwanaharamu apite, ila huyu mwanaharamu hakupita. Alikabidhiwa bweni jingine.

Tangu hapo nimekuwa nafuatilia zaidi kesi za wale waliojua. Chuo kikuu cha Michigan State kilikubali mwaka 2018 kulipa dola milioni 500 kwa wanawake na wasichana waliodhulumiwa na daktari wake, Larry Nassar, na Aprili 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ikakubali kulipa dola milioni 138.7 zaidi, kwa sababu FBI, wapelelezi wa serikali hiyo, walipewa malalamiko mwaka 2015 na hawakuyashughulikia inavyotakiwa. Maofisa hao hawakumgusa msichana yeyote. Walipewa taarifa wakaikalia. Sheria ikifika hapo inakuwa imekua.

Sehemu iliyoniumiza kuliko zote ilikuwa ni uchunguzi wa daktari wa akili wa upande wa pili. Wa kwetu alishanipima na kuandika kwamba nina msongo unaofuata kiwewe, akataja usingizi, hasira, kazi nilizoziacha. Upande wa pili una haki ya kunipima na wake. Alikuwa mtu wa heshima, na kazi yake ilikuwa kutafuta sababu nyingine. Baba alikuwa anakuchapa? Wazazi waliwahi kutengana? Ulianza pombe lini? Ndoa ikoje, kwa kipimo cha sifuri hadi kumi? Kila jibu alilitia kwenye kisanduku chake kwenye fomu, na niliona taratibu fomu ikijaa maisha yangu yote isipokuwa kile kilichonileta. Nilipomtaja patroni aliandika mstari mmoja.

Walitaka pia kumbukumbu zangu zote za matibabu, na za mshauri nasaha. Jiandae kwa hilo. Uliyomwambia mshauri wako ukilia yanaweza kusomwa na watu usiowapenda. Wakili anaweza kupinga yasiyohusika, ila mengine yatapita. Mimi nilimwambia mshauri wangu mapema kwamba nadai, tukaelewana namna ya kuendelea. Siku ya uchunguzi usiende kazini baadaye. Nenda na mtu wa kukusubiri nje. Jibu ulichoulizwa, kifupi, kweli tupu, na ukihitaji kupumzika sema. Hakuna tuzo ya kuvumilia. Nilivyosikia watu wakisema fidia ni hela ya bure, natamani wangekaa kwenye kiti kile saa moja tu.

Kisha vikaja vichwa vya hesabu, maana mahakama hailipi uchungu kwa jumla jumla. Maumivu na mateso. Gharama za tiba zilizopita na zijazo. Kipato kilichopotea. Katika nchi nyingine huongezwa fidia ya adhabu, pale mwenendo wa mdaiwa ulipokuwa wa kuchukiza. Kwenye kipato, mhasibu alichukua matokeo yangu ya kabla, akayalinganisha na ya baada, akaangalia wenzangu wa darasa waliishia kazi gani, akaandaa jedwali. Nililetewa nilihakiki. Lilikuwa ni maisha ambayo sikuyaishi: mwaka, cheo, mshahara, makato, hadi kustaafu. Yule mtu wa kwenye jedwali alipandishwa cheo akiwa na umri nilio nao mimi. Nilisahihisha tarehe moja nikarudisha.

Hatukufika hukumu. Kesi nyingi za namna hii huishia kwenye usuluhishi, na si vibaya, ilimradi ujue unachobadilishana. Mnakaa vyumba tofauti, msuluhishi anapita katikati akibeba maneno. Mama wakili aliniambia niandike kabla ya siku hiyo, kwa mwandiko wangu, ninachotaka na nisichoweza kukubali, kwa sababu kufikia jioni mtu huwa amechoka na anatia saini ili arudi nyumbani. Nilijifunza pia kuna azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 2005 kuhusu haki ya waliodhulumiwa vibaya kupata nafuu, linalotaja mambo matano: kurejeshwa ulipokuwa, fidia ya fedha, matibabu na huduma za kukuinua tena, kuridhishwa kwa mambo kama kuombwa radhi na ukweli kutangazwa, na hakikisho kwamba hayatarudiwa. Liliandikwa kwa ajili ya uvunjaji mkubwa wa haki za binadamu, si kwa ajili ya bweni moja. Niliyanakili yote matano hata hivyo. La kwanza halikuwezekana. Manne yaliyobaki niliyaweka mezani, na niliona wazi kwamba walikuwa wamekuja na moja tu.

Ofa ya kwanza ilikuja na maneno "bila kukiri kosa lolote" na kifungu cha usiri kinachonikataza kuongea na yeyote, milele, kuhusu tukio, kesi na kiasi. Hapa sikuwa na mjadala. Kiasi wakitaka kiwe siri, kiwe. Hata mimi sikutaka mtaa ujue. Tukio ni langu. Nilikaa utotoni nikiwa nimenyamazishwa na mtu wao bure, nisingekubali wanilipe nikae utu uzima hivyo hivyo. Ilichukua sehemu kubwa ya siku. Mwishowe usiri ukabaki kwenye hela na majina, ndiyo maana hujaona hapa jina la shule. Na ndiyo maana unaweza kuyasoma haya.

Radhi ilikuwa ngumu kuliko hela. Rasimu yao ilisema "tunasikitika endapo ulihisi kutotendewa vema". Niliirudisha, nikaandika pembeni: sikuhisi, nilitendewa, na kitabu cha adhabu mnacho. Mawakili huogopa radhi kwa sababu inaweza kutumiwa kama kukiri. Ziko sehemu sheria imeondoa hofu hiyo; British Columbia, Kanada, tangu 2006 kuomba radhi hakuhesabiwi kuwa kukiri kosa katika kesi ya madai. Mpango wa taifa wa Australia, ulioanza Julai 1, 2018, unaiweka radhi ndani ya haki zenyewe: malipo yasiyozidi dola 150,000 za nchi hiyo, ushauri nasaha, na ukitaka, kiongozi wa taasisi anakuja kukusikiliza na kukuomba radhi ana kwa ana. Ukikubali ofa yao unaiachilia taasisi isidaiwe tena mahakamani, na unapewa miezi 6 ya kufikiri. Miezi 6. Mimi nilipewa mpaka saa kumi na moja jioni.

Mwenyekiti wa bodi ndiye aliyekuja. Alisimama, jambo ambalo sikutegemea, akasoma. Alipofika kwenye maneno "tulikuwa na taarifa kabla hujafika shuleni kwetu" aliinua macho akaniangalia, kisha akaendelea. Nilimjibu nimesikia. Sikusema nimesamehe, na hakuna aliyeniomba niseme.

Hela ilipoingia nililipa wakili, nikalipia tiba ya muda mrefu kabla ya kitu kingine chochote, na kilichobaki mimi na mke wangu tulikifungia mahali ambapo kukitoa kunahitaji saini mbili. Ndugu walijua nimeshinda, kiasi hawakijui. Ukipata, usitangaze, na usikopeshe mwaka wa kwanza. Baba mdogo alikuja siku moja, tukaongea mambo mengine yote, na wakati wa kuondoka akasema, "Kumbe walikuwa na barua." Nilimwambia ndiyo, walikuwa nayo.

Simwambii kila mtu adai. Nawajua waliopima wakaona mahojiano yatawarudisha shimoni, wakaacha, na akili zao ziko sawa sawa. Wapo walioishtaki taasisi isiyo na kitu wakaambulia gharama. Lakini mtu asiache kwa sababu ameambiwa kudai ni kujiuza, au kwamba yaliyopita si ndwele. Wanaosema hivyo hawakuulizwa chochote na wale watoto wa bweni la nne waliokuja baada yangu.

Kati ya yale manne, hakikisho la kutorudiwa ndilo ambalo bado nalifuatilia. Makubaliano yanawataka wanitumie kila mwaka taarifa ya namna malalamiko ya wanafunzi yanavyoshughulikiwa. Ya kwanza imefika: kurasa tatu, picha ya sanduku la maoni lililotundikwa ukutani, na maelezo kwamba ufunguo wa sanduku hilo anakaa nao mlezi wa bweni. Nimewaandikia, nakala kwa wakili, nikiwapa siku 14 waubadilishe mkono huo.